Bei ya Haki ya Gitaa la Mwanafunzi



Katika mwaka 1954 kiwanda cha Gibson, katika mji wa Kalamazoo huko Marekani, kilitoa gitaa la umeme kwa ajili ya wanafunzi na kuliita Les Paul Junior. Bei yake ilikuwa dola 99 na nusu. Leo gitaa lilelile, likiwa zima na bila kubadilishwa kitu, huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Lilitengenezwa kusudi mtoto wa mfanyakazi apate kujifunza muziki. Sasa mtoto wa mfanyakazi anaona haya hata kuomba alishike dukani. Vijana wetu wa muziki wanaziona bei hizo kwenye simu zao, nao wanawauliza wazee: Je, huu si wizi? Na kama si wizi, bei ya haki inajulikana namna gani?

Swali hili si la Marekani peke yake, ingawa magitaa haya ni ya huko. Kila mahali ambapo mtu mmoja anajua thamani ya kitu na mwenzake haijui, swali linakuwapo. Tena sisi ni watu wa gitaa. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, yaani miaka miwili kabla gitaa hilo la Gibson halijatoka. Na hata leo ni vigumu kupata kwaya ya vijana isiyotafuta gitaa. Lakini tukitaka kujibu vizuri, twende kwanza kwa magitaa yenyewe, kwani hakuna mtu awezaye kuhukumu bei ya kitu asichokijua.

Gitaa la mwanafunzi lilikuwa nini? Lilikuwa gitaa la kweli lililopunguzwa kazi. Les Paul ya wakubwa ilikuwa na kifua kilichochongwa kwa mviringo, mbao za aina mbili zilizoshikamanishwa, mikro mbili chini ya nyuzi, na bei yake ilipita dola 200. Junior lilikuwa ubao bapa wa mahogani, mikro moja, bila mapambo. Lakini mikro hiyo moja ilikuwa ya aina ileile iliyowekwa katika gitaa la wakubwa la wakati ule, na mahogani ilikuwa mahogani. Waliokoa fedha katika mambo ambayo jicho huyaona, si katika mambo ambayo sikio husikia. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu litarudi.

Kule California, kiwanda cha Fender kilifuata njia nyingine. Katika mwaka 1956 kilitoa Musicmaster lenye mikro moja na Duo-Sonic lenye mikro mbili, na nyuzi zake zilikuwa fupi, karibu sentimita 57, wakati Stratocaster ya wakubwa ilikuwa na sentimita 65. Walifikiri juu ya vidole vya watoto. Mustang likafuata mwaka 1964. Na huko New Jersey, Danelectro walitengeneza magitaa yaliyouzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone. Hayo yalikuwa ya watu wa chini kabisa: mwili wake ulikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa ubao wa nyuzinyuzi za miti zilizoshindiliwa, na mikro zake zilifungwa ndani ya vikopo vya chuma kama vile vya rangi ya midomo ya akina mama. Mojawapo, la miaka ya 1960, liliuzwa kwa chini ya dola 70, na sanduku lake lilikuwa na ampli ndani yake, hivi kwamba mtoto aliondoka dukani na kila kitu mkono mmoja.

Sasa bei. Wengi wanakosea hapa mara moja, kwa kuwa wanaweka dola 99 za mwaka 1954 kando ya dola za leo kana kwamba ni ndugu mapacha. Sisi tuliopita katika miaka ya zaire hatuna haja ya kufundishwa jambo hili sana. Katika mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 hiyo mpya nayo ikaondoka ili faranga irudi. Ni nani kati yetu angemwambia jirani yake, “Niliinunua baisikeli hii kwa zaire kadhaa, kwa hiyo niuze kwa idadi ileile”? Dola haikuanguka hivyo, lakini imetembea. Dola 99 na nusu za mwaka 1954 zilinunua vitu ambavyo leo vingehitaji zaidi ya dola 1,100. Tena tazama kwa njia ya jasho: mshahara wa chini wa sheria huko Marekani ulikuwa senti 75 kwa saa moja. Mtu wa mshahara huo alipaswa kufanya kazi saa 132 na zaidi, karibu majuma matatu na nusu, bila kula, ili amnunulie mwanawe gitaa la “bei ndogo”. Baba huyo hakupewa zawadi na kiwanda.

Basi sehemu ya kupanda kwa bei si kupanda hata kidogo; ni fedha tu iliyobadilika. Mtoto wa mjini anayepiga kelele kwamba bei imezidishwa mara mia anahesabu vibaya. Hata hivyo, baada ya kuondoa sehemu hiyo, kunabaki ongezeko kubwa, na ndilo linalotuhusu. Limetoka wapi?

Limetoka hasa kwa wapigaji. Gitaa la mwanafunzi lilipozeeka liliangukia mikononi mwa vijana maskini, kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko mengine katika maduka ya vitu kuukuu. Vijana hao wengine wakawa wanamuziki wakubwa. Leslie West wa kundi la Mountain alilipiga Junior, na watu wakasikia kwamba ubao ule bapa wenye mikro moja ulikuwa na sauti nene kuliko walivyodhani. Hapo ndipo yale tuliyosema juu ya mahogani na mikro yalipoonekana wazi. Thamani hiyo haikuzuliwa na wachuuzi. Ilikuwamo ndani ya gitaa tangu kiwandani, ila watu walikuwa hawajaisikia. Sidhani mtu anaweza kuiita wizi bei inayopanda kwa sababu hiyo.

Lakini kuna sababu ya pili, nayo inahitaji macho makali. Kurt Cobain wa kundi la Nirvana alipiga Mustang la mwaka 1969 katika filamu ya wimbo wake uliojulikana dunia nzima mwaka 1991. Gitaa hilo liliuzwa kwa mnada mwezi wa Mei 2022 kwa zaidi ya dola milioni nne. Tangu siku hiyo kila mwenye Mustang la zamani chini ya kitanda anajiona tajiri. Huu ni udanganyifu, na mara nyingine mtu anajidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya mwingine. Zile milioni nne zilikuwa bei ya mkono ulioligusa gitaa lile. Mustang la mwaka uleule, la rangi ileile, ambalo lilipigwa na kijana asiyejulikana katika chumba chake, ni la dola elfu chache. Mtu akinunua kiti alichokalia mfalme analipia mfalme. Hawezi seremala kuja kesho na kiti cha mbao ileile akadai sehemu ya fahari ya mfalme. Muuzaji anayetaja jina la Cobain anapouza gitaa ambalo Cobain hakuligusa, hata kama kila neno lake ni kweli, anauza kitu asicho nacho.

Jambo lingine linalofanana na hilo: bei inayotakwa na bei iliyolipwa. Kuna kitabu cha bei za magitaa ya zamani kinachotoka huko Marekani kila mwaka. Kuna wataalamu kama George Gruhn wa Nashville, ambaye amefanya biashara hiyo tangu mwaka 1970. Na tangu mwaka 2013 kuna soko la intaneti liitwalo Reverb, ambalo huonyesha pia vitu vilivyokwisha kuuzwa na kwa kiasi gani. Mtu mwaminifu hutazama yaliyouzwa. Asiye mwaminifu hutazama yale yanayotakwa, tena huchagua la juu kabisa, kisha anasema, “Ndiyo bei yake.” Sivyo. Yale yanayotakwa ni tamaa zilizoandikwa; gitaa linaweza kukaa miaka mitatu likitakiwa dola 9,000 na hakuna anayelinunua.

Sasa tuingie ndani ya gitaa, maana hapo ndipo kweli na uongo hukutana. Katika biashara hii bei yote inasimama juu ya neno moja: asili. Je, rangi ni ile ya kiwandani? Vikazio vya nyuzi ni vile vya kwanza? Mikro haikubadilishwa? Gitaa lililopakwa rangi upya, hata kwa ustadi mwingi, kwa desturi ya wafanyabiashara hupoteza karibu nusu ya bei. Vivyo hivyo la Gibson lililovunjika shingo karibu na kichwa, hata likiunganishwa vizuri, kwani kichwa cha Gibson kimeinama nyuma na mahogani hapo ni nyembamba; likianguka chali, linavunjika mahali hapo.

Mambo haya mengi hayaonekani kwa nje. Mtaalamu hufungua skrubu. Kwenye Fender hutoa shingo na kutazama mwisho wake, ambapo mafundi walizoea kuandika au kupiga muhuri wa tarehe. Chini ya vifungo vya kuongeza sauti kuna vidude vya umeme vyenye namba: tarakimu tatu za kwanza zinataja kiwanda kilichovitengeneza, zinazofuata zinataja mwaka na juma. Namba 3046541 inasema: kiwanda cha 304, mwaka 1965, juma la 41. Kwa hiyo gitaa lenye kidude hicho cha asili haliwezi kuwa la mwaka 1963, hata muuzaji aape. Kisha huwasha taa ya miali ya zambarau katika chumba chenye giza, na rangi ya zamani inang’aa kwa namna yake, ya manjano iliyochanganyika na kijani, na mahali palipopakwa baadaye panaonekana kama kiraka kwenye shati.

Kwa nini naeleza haya yote? Kwa sababu yanaonyesha kwamba bei hapa ni ushuhuda. Anayesema “dola 7,000” anasema pia: shingo haijavunjika, rangi ni ya kwanza, vidude ni vya mwaka wake. Bei yake inashuhudia mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona. Kama mojawapo si kweli na yeye anajua, hakukosea hesabu. Ametoa ushuhuda wa uongo, na hawezi kujiponya kwa kusema kwamba hakuulizwa. Kuna wengine wanaokataa kufungua skrubu makusudi, ili waweze kusema hawajui. Kutojua kwa namna hiyo ni kujua.

Hapa nataka kutaja jambo ambalo mimi binafsi naliona la ajabu. Magitaa ya wanafunzi ndiyo yaliyobadilishwa zaidi ya yote. Mtoto alikwaruza jina lake nyuma. Alibandika picha. Alisikia kwamba mikro nyingine ina nguvu zaidi, akachukua patasi na kuchimba tundu. Melody Maker nyingi za Gibson zilichimbwa hivyo. Kwa wakusanyaji hizo zimeharibika. Lakini ukitafakari, zimefanya kazi ile hasa ambayo ziliumbwa kuifanya, nalo lile safi ambalo bei yake ni kubwa kabisa ni lile la mtoto aliyeacha kujifunza baada ya mwezi mmoja. Sisemi kwamba bei hiyo ni dhambi. Mtu anayetaka kuhifadhi kitu kama kilivyotoka kiwandani anatafuta kitu adimu, naye analipia uadimu. Ila tuelewe kwamba kuna magitaa mawili katika gitaa moja, la kuhifadhiwa na la kupigwa, na kila moja lina bei yake ya haki. Mpigaji mwenye akili atanunua lile lililopakwa rangi upya, atalipa nusu, na hakuna masikio yatakayomkemea.

Na mwanafunzi wa leo? Je, hakunyang’anywa kitu? Nimefikiri juu ya hili, na jibu langu ni kwamba hakunyang’anywa. Fender yenyewe, kwa jina la Squier, inauza Mustang jipya la kujifunzia kwa karibu dola 200. Ukiligeuza hilo kuwa saa za mfanyakazi wa kule, ni kazi ndogo sana kuliko ile ya baba wa mwaka 1954. Kazi ya kumhudumia mwanafunzi imehamia kwa gitaa jingine. Lingekuwa jambo jingine kabisa kama matajiri wangenunua magitaa yote, mapya na ya zamani, ili watoto wasipate la kupiga. Hilo halikutokea. Kwetu dola 200 bado ni mlima, najua, lakini mlima huo haukujengwa na mkusanyaji wa Les Paul Junior.

Basi wizi, ukiwapo, uko wapi? Uko pale mtu mmoja anapojua na mwingine hajui. Tuseme mama mjane katika mji mdogo wa Ohio ameweka vitu vya marehemu mumewe mbele ya nyumba siku ya Jumamosi, kama desturi yao ilivyo: viti, sahani, na gitaa la kahawia katika sanduku lililochakaa. Ameandika dola 100. Anapita kijana mwenye kujua. Anafungua sanduku: Junior la mwaka 1956, zima, na duka lingeliuza kwa dola 7,000. Afanye nini?

Wengi watasema: “Alipe dola 100 aende zake. Mama mwenyewe ametaja bei. Hakudanganywa.” Na kweli sheria za nchi kwa kawaida hazimlazimishi mnunuzi kumfundisha muuzaji. Lakini jambo hili limejadiliwa tangu kale na watu wenye akili kuliko sisi. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu, alieleza habari za mfanyabiashara aliyeleta ngano Rodo wakati wa njaa, akijua kwamba nyuma yake merikebu nyingine nyingi zenye ngano zinakuja. Je, awaambie watu wa Rodo? Diogenes wa Babeli alisema hapaswi kusema kila anachokijua. Antipater mwanafunzi wake alisema anapaswa, na Cicero akakubaliana na Antipater. Karne kumi na mbili baadaye na zaidi, Tomaso wa Akwino alilichukua swali hilohilo akasema kwamba mwenye ngano halazimishwi na haki kusema, ila akisema ana wema mkubwa zaidi, kwa maana merikebu zile ni jambo la kesho, nayo bei ya leo ni bei ya leo.

Mtu wa Jumamosi atafurahi na kusema, “Naam, Tomaso yuko upande wangu.” Asifurahi upesi. Tomaso huyohuyo aliandika pia juu ya mtu anayeuza dhahabu akidhani ni shaba. Sisi wa nchi ya shaba tumfuate vizuri. Anasema kwamba mnunuzi akijua, amenunua bila haki, na anapaswa kurudisha. Thamani ya gitaa la mama mjane si merikebu iliyo mbali baharini. Iko pale, ndani ya sanduku, siku ileile. Mama hauzi Junior kwa bei ndogo. Anauza “gitaa la zamani la marehemu”, na kijana anaondoka na kitu kingine ambacho mama hakujua kwamba anacho. Hawakupatana juu ya kitu kimoja. Augustino anataja mtu mmoja aliyemjua, ambaye alitaka kununua kitabu, akaona kwamba muuzaji hajui thamani yake na ametaja bei ndogo. Mtu huyo akampa bei ya haki, iliyokuwa kubwa zaidi sana, bila muuzaji kuitazamia. Kumbe mambo ya vitabu na magitaa ni mamoja.

Mtu atajibu tena, na jibu hili lina uzito: “Ujuzi wangu ni jasho langu. Nilisoma namba hizo miaka kumi. Mama hakusoma. Kwa nini nimpe matunda yangu?” Ni kweli, ujuzi ni kazi na unastahili malipo. Basi tuupime. Huko Marekani, duka linalouza gitaa kwa niaba ya mwenyewe huchukua kiasi cha sehemu moja ya tano. Katika 7,000 mama angepata 5,600. Duka linalonunua lenyewe ili kuuza baadaye kwa kawaida hulipa karibu nusu au zaidi kidogo, kwa sababu kuna kodi ya nyumba, matengenezo, na miezi ya kungoja mteja. Mama angepata 3,500. Hapo ndipo ulipo ukubwa wa malipo ya ujuzi, kama soko lenyewe linavyoyahesabu. Kijana akimwambia mama, “Hili ni gitaa la thamani, duka lingeliuza kwa 7,000, mimi ninazo 3,500 mkononi leo,” na mama akakubali, hakuna wa kumlaumu. Amelipwa ujuzi wake kwa dola 3,500. Lakini anayechukua 6,900 anadai malipo ambayo hakuna fundi alipwaye kwa dakika kumi za kutazama.

Hata hivyo usimwonee huruma muuzaji kila mara, kwani kuna upande wa pili, na siku hizi ndio unaotokea zaidi. Mrithi ameona kwenye intaneti kwamba “Junior la mwaka 1956” linatakiwa dola 9,000. Lake limepakwa rangi nyekundu na mjomba, shingo iliwahi kuvunjika, vikazio ni vipya. Mtaalamu anamwambia kwamba, baada ya hasara moja juu ya nyingine, ni la dola 2,000 hivi. Mrithi anakasirika na kumwita mwizi. Maskini mtaalamu! Wezi wamekwisha kumharibia jina kabla hajafika. Ndiyo sababu mwenye haki huonyesha: anafungua skrubu mbele ya mwenye gitaa, anawasha taa, anamsomea namba, anampa muda aende kuuliza kwa mwingine. Anayeharakisha mapatano siku hiyohiyo, mwogope.

Je, kubishana bei ni uongo? La. Katika masoko yetu muuzaji hutaja juu, mnunuzi hutaja chini, kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua, na wote wawili wanatafuta bei ya mwisho. Mithali sura ya 20 haimlaumu anayebishana, inamlaumu yule anayekitukana kitu mbele ya mwenyewe kisha anaenda kujisifu kwamba amekipata. Tofauti ni hiyo. Sema, “Sina zaidi ya hizi,” kama ni kweli. Usiseme, “Mikro hii imekufa,” nawe unajua kwamba ni waya mmoja tu umeachia.

Kuna desturi moja ambayo siipendi, ingawa sipati neno la kuifanya kosa la wazi. Wengine hununua gitaa la mwanafunzi lililo zima na kulivunja vipandevipande, kwa sababu vidude vyake, skrubu, vikazio na sanduku, vikiuzwa kimoja kimoja, vinaleta fedha kuliko gitaa zima. Ni mali yao. Lakini vidude hivyo vinakwenda wapi? Vingi vinaingia katika magitaa makubwa yaliyopoteza vyao, na baadaye mtu anayauza magitaa hayo kama ya asili. Aliyeuza kidude hakudanganya mtu. Aliyekiweka akanyamaza ndiye aliyedanganya. Ila wa kwanza alijua soko lake.

Tumalizie na jambo linaloweza kufika mlangoni petu. Tuseme rafiki wa Ulaya au Marekani analeta gitaa la zamani la baba yake na kulitoa kwa kwaya, kusudi vijana wajifunze. Kijana mmoja anatazama simu yake na kugundua kwamba gitaa hilo, likiuzwa, lingenunua magitaa matano mapya, ampli na ngoma. Je, liuzwe kimyakimya? Kwa maoni yangu, aandikiwe kwanza aliyelitoa. Yeye alitoa gitaa la kupigia. Hakujua kwamba anatoa fedha hizo zote. Ni mjane wa Ohio tena, ila safari hii sisi ndio wenye simu. Huenda akasema, “Uzeni, ninyi mnajua mahitaji yenu.” Huenda akasema, “Hilo ni gitaa la baba yangu, nilidhani ni la kawaida tu, naomba nilirudishe niwape jingine.” Majibu yote mawili ni haki yake.

Akikubali liuzwe, wasiliuze kwa mpita njia wa kwanza mwenye dola mkononi. Wapige picha za mwisho wa shingo, za namba chini ya vifungo, za kila mwatuko; waombe bei kwa maduka mawili au matatu ya kule; tena wakumbuke kwamba magitaa mengi ya miaka ya 1950 yana ubao wa vidole wa palisanda ya Brazili, mti ambao biashara yake kati ya nchi na nchi imebanwa tangu mwaka 1992, hivyo vibali vinahitajiwa kabla halijavuka mpaka. Hesabu isomwe mbele ya kwaya yote, pamoja na sehemu iliyochukuliwa na duka. Na kama aliyelitoa akijibu kwamba libaki na lipigwe, basi lipigwe, hata likikwaruzika; ila wasilishike kwa shingo wanapolipanga ukutani, wala wasilisimamishe bila kulifunga, maana Gibson, kama tulivyosema, huvunjikia kichwani.